Kitambaa Chekundu chenye Uzi wa Kijani

Jumapili, 5 Novemba 2023

Kwenye mafungo ya akina mama Sista Sesilia alinivuta pembeni. "Melania," akaniambia, "ulimi wako ukiwaka unaunguza nyumba za watu. Nunua daftari, uunguze karatasi." Nimenunua. Haya, karatasi, kaa vizuri.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Mwagindu. Wengi wananiita Mama Deo. Darasa la saba, miaka hamsini na moja, mume mmoja, majaruba mawili ya mpunga. Hasira nimezirithi kwa marehemu mama, na nimeziungama kwa mapadre wanne tofauti.

Leo nina hasira na mbwa. Wakati wa kutoa vipaji mbwa wawili wa Maige wameingia kanisani, mmoja akaenda kulala chini ya meza ya matoleo, pale pale tunapoweka mahindi na kuku. Katekista alipompungia mkono alimwonyesha meno. Ibada nzima tumeimalizia tumekunja miguu juu ya mabenchi.

Maige ndiye mwenye mwalo, ule uwanja wa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, njia ya kwenda shuleni. Ana mbwa kumi na wawili wa kulinda marundo ya mchanga wake. Usiku walinde, sina neno. Mchana wanafunguliwa na kuzunguka kijiji kama wajumbe wa nyumba kumi.

Ila Mungu hachelewi. Ijumaa mkutano wa kijiji umepitisha sheria ndogo, na aliyesimama wa kwanza kuiunga mkono ni mimi. Mbwa afungwe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Akipelekwa sokoni, shuleni, kanisani au kisimani awe na kamba na mwenyewe. Kila mbwa achanjwe kichaa, avae kitambaa chekundu shingoni kama alama. Mbwa atakayekutwa nje bila kitambaa, mgambo wamuue.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Alhamisi, 9 Novemba

Mvua ya kwanza ya kueleweka. Baba Deo kaenda kukarabati kingo za majaruba. Vumbi limelala.

Jumatatu, 13 Novemba

Ijumaa Edson, mtendaji wetu, aliniletea jora la kitambaa chekundu. Vitambaa mia, kila kimoja na kamba mbili za kufungia. Aliuliza ujira, nikamwambia hii namshonea Mungu, kwa hiyo usiniharibie thawabu.

Nimeshona siku mbili, mshono mara mbili mbili, maana mbwa ni mnyama wa kujikuna. Nilipofika themanini uzi mwekundu ukaisha. Ishirini vya mwisho nimemalizia kwa uzi wa kijani uliobaki kwenye sare za kwaya. Vinaonekana kama nyasi juu ya damu. Baba Deo anasema mbwa hawaangalii mitindo.

Jumamosi, 18 Novemba

Siku ya chanjo, kwenye ghala la zamani la pamba. Zipora, bwana mifugo wetu, ingawa ni binti, alikuwa anadunga sindano, anaandika daftarini, halafu mimi nafunga kitambaa. Mbwa akipita kwa Zipora ndipo anakuja kwangu.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Huku kwetu mtu akikosana na jirani hamtukani, anafuga mbwa, halafu anampa mbwa jina la yale aliyotaka kusema. Jioni anamwita kwa sauti kubwa. Sasa Zipora si wa huku, yeye anataka kila mbwa na jina lake, na ana sauti ya ualimu. "Mlidhani Nitahama! Chanjo tayari. Hamnilishi! Chanjo tayari. Shemeji Kaona! Sogea." Watu wakaanza kugeukiana. Familia mbili ilibidi zitenganishwe kwenye foleni.

Akafika Ndaki, jirani yangu wa upande wa chini, na mbwa wake wa manjano. Zipora akamuuliza jina. Ndaki akaniangalia mimi. "Sala Tupu," akasema, taratibu, ili wa nyuma nao wasikie.

Nimefunga kitambaa shingoni mwa Sala Tupu kwa upole ambao Mungu peke yake ndiye aliyeuona. Njiani kurudi nikaanza kucheka mwenyewe, nikakaa kwenye jiwe mpaka nikamaliza.

Mzee Mayala alileta watatu kwa kamba za ng'ombe. Yule mkubwa, Lugendo, ndiye anayeongoza ng'ombe wake kwenda lamboni. Mzee haoni vizuri, akisikia kengele na Lugendo anajua kundi liko wapi. Aliniambia wabeja, mayu, yaani asante, mama, umetufunga vizuri.

Wamekuja mbwa sabini na sita. Vyote nilivyovifunga ni vya uzi mwekundu, hata vya kijani sikuvifikia. Vilivyobaki Edson amevibeba akatunze ofisini. Mbwa wa Maige hawakuja. Edson anasema tajiri ataleta daktari wake kutoka mjini.

Jumatano, 22 Novemba

Nimewaona kwa mbali mbwa wa mwalo, wote shingo nyekundu. Basi daktari amekuja. Kwenye jumuiya nimesema tumwombee na Maige, kwamba hata tajiri ametii. Nilisema kwa moyo.

Jumatatu, 4 Desemba

Mbwa wa mwalo wanazurura. Vitambaa wanavyo, kamba hawana. Leo watatu walikuwa kisimani wakilamba ndoo za watu. Nimeenda ofisini. Nikamuuliza Edson sheria ya kufunga mchana imekwenda wapi. Hata kichwa hakuinua kwenye simu yake.

"Mama Deo, wale ni walinzi. Wako kazini."

"Kisimani wanalinda nini?"

"Mwekezaji hatuwezi kumsumbua kwa vitu vidogo. Si wamevaa kitambaa chako? Basi wako kisheria."

Nimerudi nimeuma meno. Halafu njiani nikajituliza, nikasema angalau wamechanjwa, Melania, shukuru kwa hilo.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Nimeshona mabega ya mashati ya watu wawili. Hasira ileile.

Jumanne, 12 Desemba

Wamemuua Lugendo.

Nimeandika jina lake nikafuta nikaandika tena. Mgambo wawili walikuwa njia ya lamboni. Mzee Mayala alikuwa nyuma ya ng'ombe, mbwa mbele, na mbwa hakuwa na kitambaa. Mzee akawapigia kelele kwamba huyu amechanjwa, ameandikwa kwenye daftari la yule binti, ulizeni. Wakamjibu kwamba daftari wao hawalijui, wao wanaangalia shingo. Marungu matatu. Ng'ombe wakatawanyika, wawili wakaingia kwenye mpunga wa watu, na mzee akasimama katikati ya njia anageuza kichwa huku na huku kutafuta sauti.

Ni mimi niliyemkuta. Nilikuwa natoka jarubani na jembe. Hakulia. Aliniomba nimshike mkono nimpeleke alipolala mbwa, akainama, akampapasa shingo yote kama anayetafuta funguo.

Nimekwenda ofisini na matope yangu mpaka magotini. Nilimwambia Edson maneno ambayo Sista Sesilia asingependa. Nilimuuliza mbwa wa kuchunga ng'ombe atafungwaje mchana, atachunga akiwa chini ya kitanda? Mbona wa mwalo wako kazini na wa Mayala hayuko kazini? Akasema sheria ni msumeno. Nikamwambia msumeno huu una meno upande mmoja. Akasema, na hili ndilo linalonichoma mpaka sasa: "Mama Deo, hii sheria si uliipigia makofi wewe? Mbona viganja vimepoa?"

Nimerudi nyumbani na jembe langu.

Jumatano, 13 Desemba

Mjukuu wa Mzee Mayala amekiona kitambaa kwenye mti wa miiba karibu na lambo. Mzee ameniletea mwenyewe, akishika ukuta wa nyumba yangu mpaka mlangoni. Kamba zimeraruka, mshono haujatoka hata uzi mmoja.

"Umeshona vizuri, mayu," akasema. "Ni miiba tu. Usijilaumu."

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Mtoto Yesu alilala kwa ng'ombe, na nina hakika palikuwa na mbwa pale hata kama Luka hakuandika. Nimemtumia Mzee Mayala pilau. Edson amekaa benchi la mbele kanisani, shati nimemshonea mimi.

Jumanne, 9 Januari

Shule imefunguliwa jana, na leo imetokea.

Blessing ni mtoto wa Violeth, jirani yangu wa upande wa ua wa minyaa. Ana miaka saba, meno ya mbele hana, sare yake nimemshonea mimi na nimeacha upindo wa kutosha miaka miwili. Alikuwa anapita mwaloni kwenda shuleni. Mbwa mmoja wa Maige, mweusi mwenye sikio lililokatika, akamfuata kimya kimya akamuuma kwenye nyama ya mguu. Hakubweka, wanafunzi wenzake Blessing walisema, alikuja tu.

Nilisikia kilio nikakimbia. Mbwa bado alikuwa pale barabarani anazunguka mahali pamoja. Nikamrushia jiwe, nikaona kitambaa shingoni kwake, na hata uzi wangu wa kijani nikautambua. Moyo ukatulia hapo hapo.

Violeth alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Alitaka kwenda Kahama. Muuguzi wa zahanati yetu alimwambia chanjo ya binadamu haikai kwenye zahanati ndogo, aende hospitali, na asichelewe. Lakini mto umejaa, bodaboda wanakataa, na Violeth anawapikia wafanyakazi wa mwalo. Asipoonekana siku mbili mwingine anashika sufuria.

Nikamwambia: "Violeth mwanangu, tulia. Yule mbwa amechanjwa. Nimeona kitambaa kwa macho yangu, nimekishona kwa mikono yangu. Osha kidonda kwa sabuni, maji mengi, tumwachie Mungu."

Akaniuliza, "Una uhakika, Mama Deo?"

Nikasema nina uhakika. Tumeosha pamoja, robo saa nzima, mtoto akilia. Maige nitamfuata kesho, kwa maana kuuma mtoto ni kuuma mtoto hata kwa meno yaliyochanjwa. Lakini leo kwa mara ya kwanza tangu Lugendo nimeona sheria yetu ina faida. Bila kitambaa tungekufa kwa wasiwasi.

Jumatano, 10 Januari

Maige hayupo, yuko Geita. Msimamizi wake akaniambia mtoto alimchokoza mbwa. Nikamuuliza alimchokozaje kwa mgongo. Akafunga geti.

Jumamosi, 13 Januari

Kidonda kinakauka. Nimepandikiza mpunga mpaka kiuno kikagoma.

Jumatano, 17 Januari

Karatasi, mwandiko wa leo utanisamehe.

Zipora alikuja asubuhi kuchanja kuku kideri. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja tukanywa uji. Nikamwambia habari ya Blessing, nikaongeza kwamba bahati nzuri mbwa wa Maige walichanjwa na yule daktari wa mjini. Akaweka kikombe chini.

"Daktari gani?"

Nikasema yule aliyewaletea vitambaa.

"Mama, katika kata hii hakuna daktari wa mifugo anayechanja bila mimi kupewa taarifa. Mbwa wa Maige hawajachanjwa. Nilimwandikia barua mara mbili. Vitambaa wamevitoa wapi?"

Na hapo ndipo niliuona ule uzi. Uzi wa kijani. Siku ya chanjo sikufunga hata kimoja cha kijani, vyote vilibaki, vyote akaondoka navyo Edson. Mimi fundi wa miaka thelathini, ninayejua shati langu nikiliona sokoni kwa nyuma, nilisimama barabarani nikautazama uzi wa kijani kwenye shingo ya yule mbwa, na badala ya kujua nikafurahi. Macho yaliona. Akili ilikuwa imekaa inajipongeza.

Zipora akauliza mbwa yuko wapi, kwa sababu mbwa aliyeuma akikaa siku kumi akiwa mzima, basi hakuwa na kichaa. Tumekwenda mwaloni mbio kwenye mvua. Msimamizi alitaka kutuzungusha, ila mwosha mchanga mmoja, kijana wa Masumbwe, akasema ukweli bila kujua uzito wake. Yule mwenye sikio bovu? Alianza kula mchanga. Akatoka udenda, akamvamia mwenzake, akawa hawezi kumeza maji. Jumapili wamempiga wakamtupa kwenye duara la zamani.

Duara ni shimo la wachimbaji. Zipora alichungulia chini, halafu akanishika mkono.

"Sikiliza, Mama Deo. Hiki kitu kinatembea polepole mwilini, na mguu uko mbali na kichwa. Dalili zikianza hakuna dawa duniani. Zisipoanza bado tuna nafasi. Mtoto anakunywa maji vizuri?"

Nikasema sijui.

"Akianza kuogopa maji, tumechelewa."

Nimekwenda kwa Violeth. Alikuwa anachambua mchele. Nimemwambia yote, nimepiga magoti kwenye matope ya uani kwake, nimesema ni mimi niliyekuzuia. Hakunitukana. Aliinuka, akachota maji kwenye kikombe, akamwita Blessing, akampa. Sote tulisimama tukimtazama yule mtoto kama mahakama. Akanywa. Akauliza kwa nini mnaniangalia.

Violeth akaanza kufunga nguo kwenye kanga. Nilitaka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko.

Alhamisi, 18 Januari

Baba Deo na Zipora wamewavusha mto, mtoto juu ya mabega ya Baba Deo, maji kifuani. Ng'ambo Zipora alikuwa amepanga bodaboda. Mimi, Violeth alisema nisiende.

Nimekaa cherehani bila kushona. Jioni simu: amedungwa sindano ya kwanza, hospitali Kahama wamempokea vizuri. Zitafuata siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, na ya ishirini na nane. Yaani hadi siku moja baada ya Jumatano ya Majivu.

Siku tisa nimempotezea. Ee Bwana, nihesabie mimi, usimhesabie yeye.

Jumapili, 21 Januari

Sindano ya pili. Wamelala kwa dada yake Violeth huko huko.

Ijumaa, 26 Januari

Jana sindano ya tatu, leo wamerudi. Violeth hanisalimii. Asubuhi nimesimama kwenye tundu la minyaa nikasubiri mpaka Blessing akapewa maji. Amekunywa. Nikaondoka.

Jumamosi, 27 Januari

Amekunywa.

Jumapili, 28 Januari

Nimechelewa kanisani kwa sababu alichelewa kuamka. Amekunywa kikombe kizima, mengine yakammwagikia kifuani.

Jumatatu, 29 Januari

Amesukuma kikombe. Sikumbuki nilivyofika sebuleni. Baba Deo alikwenda kuuliza akijifanya anaazima ungo. Kumbe maji yalikuwa na moshi. Wamempa mengine, amekunywa.

Jumamosi, 3 Februari

Mkutano wa kijiji. Nitaandika yote, hata kama mshumaa wa hasira umebaki kipande.

Ajenda ya Edson ilikuwa barabara. Nilisimama kabla hajafungua. Akasema nikae, zamu yangu itafika. Nikamwambia nimekaa siku tisa mtoto wa mtu akiwa na meno ya kichaa mguuni, sikai tena. Watu wakasogea mbele, kwa sababu nusu yao ndiyo kwanza wanasikia.

Nimeanza na mimi. Nimesema mbele ya wote: Violeth alitaka kwenda hospitali siku ile ile, muuguzi alimwelekeza, mimi Melania nikamzuia kwa kujivunia mshono wangu. Hilo ni la kwangu, nimeliungama na bado nalibeba. Halafu nikamgeukia Edson. Nikainua kitambaa cha Lugendo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia kitambaa cha uzi wa kijani ambacho Zipora alikikuta kwa mbwa mwingine wa mwalo. Huyu wa kushoto alichanjwa, mkamuua. Huyu wa kulia hajawahi kuiona sindano, mkampa ulinzi. Ninyi mnaangalia shingo.

Edson akaanza kusema vitambaa viliharibika na panya. Zipora akafungua daftari lake na kusoma, kwa sauti ile ile ya ualimu: mbwa waliochanjwa sabini na sita, wa Maige hakuna. Akafunga.

Wakati huo Maige alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, kofia mapajani. Nilimtegemea atanguruma. Alisimama polepole. Ni mtu mzima, alianza kwa kusaga mawe kwa mkono na huwa anatukumbusha.

"Mimi nilimuuliza mtendaji sheria inataka nini," akasema. "Akaniletea vitambaa. Akasema ukivaa hivi hutasumbuliwa. Mimi nilidhani kitambaa ndiyo sheria."

Hakuna aliyecheka. Na mimi, wewe karatasi ndiye ninayekwambia, hapo hasira yangu ilitaka kuanguka ikanishinda kujua iangukie wapi. Kwa maana hata mimi nilidhani hivyo hivyo. Na mgambo nao. Tulipitisha sheria nne, tukabaki na nguo.

Ila sikumwachia. Nikamwambia Baba Maige, wewe una macho mawili mazima, uliona mbwa wako anakula mchanga, ukamficha shimoni na mtoto yuko nyumba ya tatu. Hilo hakukufundisha mtendaji. Akasema alikuwa Geita. Nikamwambia simu inafika Geita. Akakaa.

Watu walipiga kelele sheria ifutwe. Mzee Mayala ndiye aliyeinua fimbo. Alisema isifutwe, maana mbwa wa kichaa hatajua kama tumefuta. Irekebishwe. Ndivyo ilivyopita: mbwa wa kuchunga atembee na kundi lake bila kufungwa, lakini sokoni na shuleni kamba. Mbwa wa mwalo wajengewe banda, geti lifungwe mchana, na mwenyekiti akague mwenyewe. Mgambo asimguse mbwa kabla ya kuuliza daftari la Zipora. Edson ameandikiwa barua kwenda wilayani na wajumbe wote wametia sahihi. Maige atampeleka Blessing Kahama kwa gari lake sindano moja iliyobaki. Chanjo irudiwe Jumamosi ijayo kwa wale ambao hawakuja.

Violeth alikuwa nyuma kabisa na Blessing mapajani. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu, 5 Februari

Mwenyekiti ameniletea jora jingine jekundu. Nishone vitambaa hamsini mapema, vikae tayari. Nimekataa. Sishoni kitambaa kisichokuwa na mbwa.

Amekunywa. Sindano ya nne ilikuwa Alhamisi, sikuandika kwa woga.

Jumamosi, 10 Februari

Baba Deo amebeba cherehani kichwani mpaka ghala la pamba, mimi nikabeba mkasi na kiti. Watu walifikiri nimechanganyikiwa. Nikakaa pembeni ya Zipora. Sindano inaingia, jina linaandikwa, ndipo nakata, ndipo nashona, mwenye mbwa anasubiri. Hakuna kitambaa kilichotangulia mbwa. Kitambaa kimoja dakika tano. Jua likawaka, mvua ikanyesha, tukasogea chini ya bati, tukaendelea.

Maige amekuja na mbwa kumi na mmoja, kila mmoja na kamba yake, na kamba zimemzunguka miguuni. Amepanga foleni nyuma ya wanawake wa kuponda mawe na mbwa wao wa kuokota, matope mpaka kwenye vifundo. Msimamizi wake alitaka kumpitisha mbele. Zipora hakuinua kichwa. Maige alisubiri saa mbili na nusu. Nilimshonea vyote kumi na moja, mshono mara mbili, sikumwambia neno wala hakuniambia. Mwisho akasema shikamoo, mimi ambaye ninalingana naye. Nikaitikia marahaba. Nimeistahili.

Ndaki alipita na kijibwa kipya. Nikamuuliza Sala Tupu hajambo. Akasema hajambo, na huyu naye ni mdogo wake. Jina? Akajikuna shingo. "Bado namtafutia. Wiki hii umeniharibia maneno yangu."

Jumatano, 14 Februari. Majivu.

Nimepakwa majivu. Kesho sindano ya mwisho.

Ijumaa, 16 Februari

Mpunga umechanua, ule weupe mdogo mdogo. Nilikuwa mlangoni natoa nyuzi kwenye sindano ya cherehani, sijakwenda kwenye tundu la minyaa, kwa sababu jana Zipora amesema sindano zimekamilika na mtoto hana dalili yoyote, na mimi sasa nipumzike. Sipumziki. Edson bado yuko ofisini, barua wilayani bado haijajibiwa, na jana nimeona geti la mwalo liko wazi saa nne asubuhi. Nimekwenda nikalifunga kwa waya wangu mwenyewe na kumwambia msimamizi nitarudi kesho. Nimerudi. Nitarudi na kesho.

Blessing akaja. Hajaja kwangu tangu siku ile. Alisimama kizingitini na kikombe cha bati mikononi, kitupu, pengo la meno limeanza kujaa.

"Shikamoo, Mama Deo. Mama amesema nije kunywa maji huku, uache kusimama kwenye minyaa, unamkanyagia mchicha."

Nimemchotea mtungini. Amekunywa chote bila kupumua, akafuta mdomo kwa mkono wa sare niliyomshonea, akanyoosha kikombe.

Akataka mengine.